Uliza Ujibiwe: kuazima vitabu, vya karatasi na vya kwenye simu

Toleo lililopita tulijibu swali moja tu, la kijana wa Kwahani aliyetaka kujua kama kadi ya maktaba lazima iwe na picha, tukadhani yamekwisha. Kumbe tumechokoza nyuki. Maswali yamemiminika, mengine yamekuja kwa sauti ya WhatsApp, dakika tatu nzima na ya kwanza mtu anakohoa tu (jamani andikeni), kwahivo safu yote ya leo ni ya maktaba na kuazima.

Assalaam alaykum dada wa safu. Mie ni mama wa Paje, nalima mwani, na siku hizi ukiuza mwani mkavu bei yake haina maana, kwahivo tuko kina mama kadhaa tunataka tujifunze kutengeneza sabuni za mwani wenyewe. Nimeambiwa Maisara kuna maktaba mtu anaweza kuazima kitabu. Lakini mie sikusoma sana, niliishia Fomu Tuu, sijui kama wataniruhusu, kule si kwa wanafunzi na walimu? Mama wa mwani, Paje

Wa alaykumus salaam mama. Unaruhusiwa, tena mtu kama wewe ndo khasa iliyojengewa. Maktaba Kuu pale Maisara iko chini ya Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar, ni ya umma, si ya skuli wala ya chuo, na wenzetu wa Pemba wana yao Chake Chake. Mlangoni hakuna anayekuuliza cheti.

Ila tafautisha mambo mawili ambayo watu wengi wanayachanganya, kusoma mule ndani na kuondoka na kitabu. Kusoma ndani ni kuingia, mkoba unaacha wanapokwambia uache, unakaa na kitabu chako mpaka uchoke. Kuondoka nacho ndo lazima uwe mwanachama, na uanachama maana yake wakujue we nani na unakaa wapi ili kitabu kisije kikapotelea Paje. Usiende mikono mitupu, chukua kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi, picha za pasipoti, na kwa vile unatoka shamba mie ningepita kwa sheha kabisa nikachukua barua, ikitakiwa unayo, isipotakiwa hujapoteza kitu, nauli ya kurudi mara ya pili ni ghali kuliko hiyo barua. Ada na muda wa kukaa na kitabu waulize palepale mezani, na ukiwa hapo waulize mambo mawili ambayo watu husahau: naweza kuchukua vingapi kwa mpigo, na nikiona sijamaliza naongezewa vipi siku. Kuongeza siku ni jambo la kawaida maktaba karibu zote duniani ilmradi hakuna mwengine anayekisubiri, wala usione haya kuomba.

Sasa hilo la sabuni. Usitishike na zile rafu. Maktaba nyingi za umma hupanga vitabu kwa namba za Dewey, mpango alioutoa Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, kila elimu imepewa namba yake kuanzia 000 mpaka 999, na ukishaijua namba yako huna haja ya kuzunguka. Sabuni ni 668. Uvuvi na ufugaji wa viumbe vya baharini ni 639, biashara na uendeshaji wake ni 658, na ukitaka kupitia mapishi kabla ya kurudi nyumbani ni 641. (Kwa faida ya wengine: Uislamu ni 297 na historia ya visiwa vyetu ni 967.81.) Mwambie mkutubi "nataka vya 668", atakupeleka. Kama kitabu chenyewe ni cha rejea, yaani kamusi, ensaiklopidia na vinavyofanana na hivyo, hakitoki nje hata uwe mwanachama wa miaka, hapo unanakili unachokitaka au unaulizia kama fotokopi ya kurasa chache inaruhusiwa.

Na moja nje ya maktaba, mama, kwa sababu nimeona watu wanaruka kurasa za mwanzo wakakimbilia vipimo. Sabuni ya kupika inatumia kostiki soda na ile inaunguza ngozi na macho. Soda ndo inatiwa kwenye maji kidogokidogo, usije ukamimina maji juu ya soda, itakurukia. Someni mpaka pale pa usalama kwanza, watoto wakae mbali.

Dada habari. Nipo Chake, nasoma chuo mwaka wa pili. Binamu yangu yupo Uingereza kanitumia namba ya kadi yake ya maktaba ya kule nikaiingiza kwenye apu ya Libby, wallahi vitabu viko vingi mpaka raha. Lakini kile nnachokitaka kinaniambia nisubiri wiki kumi na moja!! Kitabu cha kwenye kompyuta kina foleni vipi? Si wakopi tu wanipe? Mwenye haraka, Chake Chake

Swali zuri na wengi wanaliuliza, maana akili inakwambia faili halimaliziki, ukimpa huyu na yule bado unalo. Ni kweli kwa faili. Lakini maktaba haikununua faili, imenunua ruhusa. Mchapishaji anaiuzia maktaba leseni, na leseni moja ni msomaji mmoja kwa wakati mmoja, kama vile kitabu cha karatasi kilivyo kimoja. Maktaba ya binamu yako ikiwa na leseni tatu za kitabu hicho na watu thalathini wamejiandikisha, basi nyote mnasubiri hao watatu walionavyo warudishe, na wengi hawarudishi mapema, wanaacha muda uishe wenyewe.

Na hiyo leseni si ya milele. Mwaka 2011 kampuni ya HarperCollins ilitangaza kuwa kitabu chao cha kidijitali kikishaazimwa mara 26 leseni imekufa, maktaba inunue tena, ikazuka zogo kubwa Marekani nzima, wakutubi wakatoa video za vitabu vya karatasi vilivyoazimwa mara nyingi kuliko hizo na bado vizima. Wachapishaji wengine wanauza leseni ya miaka miwili, iazimwe isiazimwe. Bei nayo mara nyingi ni kubwa kuliko unayolipa wewe na mimi dukani, inafika mara tatu na zaidi. Kwahivo mkutubi wa kule ananunua leseni chache, ndo foleni yako hiyo. Hao wa Libby wenyewe, kampuni ya OverDrive, ni njia tu ya kupitishia, hawawezi "kukopi wakakupa".

Sasa nikuambie kitu hutokipenda. Kadi ya maktaba ni ya mtu mwenyewe, na karibu kila maktaba inakataza kumpa mwengine. Kila kitabu unachokichukua kinahesabiwa kwenye kiwango cha binamu yako, kila unachokiwekea nafasi kinaonekana kwake (jichunge na unavyovitafuta, ha), na wale walioko nyuma yako kwenye foleni ni watu wanaolipia ile maktaba kwa kodi zao. Mie ningeacha. Tena kwa mwanafunzi kuna mlango ulio halali na mpana zaidi: Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji, unaofungua maelfu ya majarida na vitabu vya kitaalamu kwa vyuo vya nchi za kipato cha chini na cha kati, na Tanzania imo kwenye kundi lisilolipa kitu. Haufungui kwa imeili yako binafsi, chuo ndo kinasajiliwa na mkutubi wa chuo ndo mwenye neno la siri. Mfuate kesho asubuhi. Wanafunzi wanamaliza digrii hawajawahi kumuuliza mtu yule kitu zaidi ya chaji ya simu.

Kadi yangu ya Maktaba Kuu ya Dar naweza kuitumia Maisara? Nimehamia Unguja kikazi. Mgeni, Mbweni

Hapana kaka, karibu sana lakini utaanza upya. Ile ya Dar ni ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo kwa sheria ya mwaka 1975 inahudumia Bara. Maktaba si jambo la Muungano, huku tuna shirika letu. Na kama bado una kitabu chao kwenye masanduku, kirudishe ukienda.

Dada yangu nisaidie kwa haraka. Mwanangu wa darasa la sita aliazima kitabu, tena kikubwa kina picha za rangi, jana mvua imempiga njiani kutoka Mwanakwerekwe, begi lote limeroa. Kitabu kimevimba kama mkate wa mofa. Nilitaka nikianike juani, mama mkwe anasema nikipige pasi. Nifanyeje? Mama wa wawili, Fuoni

Usikianike juani wala usikipige pasi, na mama mkwe mwambie kwa adabu. Jua linakunja jalada na kuzichakaza rangi, pasi inaziunganisha zile kurasa ukome kuzifungua.

Kwa masika haya, unyevu ulivyo, ukungu unaweza kuanza ndani ya siku mbili, kwahivo kazi ni ya leo. Kwanza kikaushe nje kwa taulo ukikibonyeza polepole, usikikamue. Usilazimishe kufungua kurasa zilizogandana. Zinazofunguka zenyewe, kila baada ya kurasa kumi hivi tia tishu au karatasi nyeupe safi, SIO gazeti, wino wa gazeti utahamia. Kisha kisimamishe wima, mdomo wazi kidogo kama feni ya mkono, kwenye meza, na feni ya kweli iwe inapuliza chumbani, si moja kwa moja usoni mwake. Zile tishu zikiroa badilisha, ndo kazi inayochosha hiyo, kila saa mbili tatu. Kikikaribia kukauka, bado kina ubaridi kidogo ukikigusa, kilaze na ukiwekee kitu kizito juu ili kisibaki na mawimbi.

Tatizo la kitabu chako ni hizo picha za rangi. Karatasi inayong'aa imepakwa kama udongo mwembamba, ikiroa na ikakaukia imeshikana na mwenzake ndo basi tena, inakuwa tofali. Kwahivo kama umeme umekatika, au kazi zimekushinda, au unaona huwezi kupitisha tishu kila ukurasa wa picha leo, kitie kwenye mfuko wa plastiki na ukiweke kwenye friza, hapohapo pembeni ya malai. Sifanyi mzaha, wahifadhi wa nyaraka ndivyo wanavyofanya maghala yakiingia maji, baridi inausimamisha ukungu, halafu unakitoa siku ambayo una nafasi ukakikausha.

Halafu, na hapa ndo watu wanapoharibu, nenda maktaba uwaambie. Usingoje tarehe ya kurudisha, usikifiche, usikitie selotepu (selotepu inageuka njano na gundi yake inakula karatasi, wakutubi wanaichukia kuliko mvua). Wao wana vifaa vyao. Wakikwambia ulipe au ununue kingine, uliza jina kamili, toleo na mwaka kabla hujatoa pesa, maana ukileta toleo jengine huenda wasilipokee. Na mtoto usimpige, mvua hakuileta yeye. Mnunulie mfuko wa nailoni wa kutia vitabu ndani ya begi.

Hivi mbona ukienda maktaba vitabu vingi ni vya Kiingereza? Mimi nataka hadithi za Kiswahili za kuwasomea watoto usiku, naona rafu nzima za picha za theluji na mbwamwitu. Baba wa mapacha, Wete

Kwa sababu vingi ni msaada. Kuna shirika la Uingereza, Book Aid International, lilianza mwaka 1954 kwa jina la Ranfurly Library, linachukua vitabu kwa wachapishaji wa kule na kuvigawa Afrika, na Zanzibar imo katika wanaopokea. Vingi ni vipya na vizuri, silalamiki, vitabu vya udaktari na vya kompyuta vimewafaa watu wengi. Lakini mchapishaji wa London anatoa alichonacho, na alichonacho ni theluji.

Cha kufanya ni viwili. Vile vya Kiswahili vilivyopo viazime, hata ukivijua, kwa sababu kitabu kinachotoka kinaacha alama kwenye rekodi, na mkutubi anayeomba bajeti ya vitabu vya Kiswahili anahitaji kuonesha kuwa vinatoka. Na andika ombi, maktaba nyingi zina daftari au kisanduku cha maoni, andika jina la kitabu na mwandishi, sio "leteni vya Kiswahili". Cha pili ni African Storybook. Ni tovuti ya hadithi fupi za picha zilizoandikwa Afrika, zipo kwa lugha nyingi na Kiswahili kimo, bure kabisa, na leseni yake inakuruhusu kusoma, kushusha, kuchapisha kwenye printa, hata kutafsiri mwenyewe. Hapa hakuna kurudisha wala foleni. Kuna mbuzi, kuna kuku, kuna bibi anayeficha ndizi. Mapacha wako watalala vizuri.

Niko kwenye grupu la WhatsApp wanarusha PDF za riwaya za Kiswahili, zile tulizosoma skuli na mpya pia. Watu wamegombana, mmoja kasema ni wizi, mwengine kasema elimu haifichwi. Wewe unasemaje? Admini mwenye mashaka, Jang'ombe

Nasema aliyesema wizi yuko karibu zaidi na sheria. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA, na mwandishi wa riwaya analindwa sawasawa na mwimba taarab. Mtu kukipiga picha kitabu chote ukurasa kwa ukurasa akakirusha kwa watu mia mbili, si kuazima. Kuazima ni kwamba ukinipa, wewe huna, mpaka nikurudishie. Hapo hakuna aliyekikosa isipokuwa mwandishi. Na waandishi wetu unawajua, wengi wako hapahapa, unakutana nao Darajani wananunua samaki, kitabu kikiuza nakala elfu mbili ni sherehe.

Halali na haramu yake waulizeni masheikh, mie si mahali pangu.

Ila sio kila PDF ni ya wizi, hilo nalo liwekwe wazi, kuna admini anafuta mpaka mitihani ya zamani. Nyaraka na sheria ambazo serikali yenyewe imeziweka wazi, hadithi zenye leseni huria kama hizo nilizozitaja juu, vitabu ambavyo haki yake imekwisha, hivyo rusha mpaka simu ipate moto. Angalia ukurasa wa pili wa kitabu, pale penye mwaka na jina la mchapishaji. Ukikuta "haki zote zimehifadhiwa" na mchapishaji yupo hai, acha.

Mimi ni mstaafu, napenda historia. Miaka iliyopita mjukuu wangu alinifungulia akaunti Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, nikawa naazima vitabu kuhusu Zanzibar, vingine dukani havipo tena. Siku hizi kila nikibonyeza naambiwa hakiazimiki. Nimekosea wapi? Mzee wa Vuga

Shikamoo mzee. Hujakosea popote, ni mambo ya mahakama. Wale jamaa walikuwa wananunua au kupewa kitabu cha karatasi, wanakiskani, halafu wanakiazimisha nakala moja kwa mtu mmoja, kile cha karatasi kikiwa kimefungiwa ghalani. Wachapishaji walikuwa wakinung'unika tu. Machi 2020, korona imefunga maktaba na skuli, Internet Archive wakaondoa ile foleni kwa muda, kitabu kimoja watu hata elfu, na Juni mwaka huohuo wachapishaji wanne wakubwa wakawashitaki New York. Jaji akawapa haki wachapishaji Machi 2023, rufaa ikashindwa Septemba 2024, na vitabu zaidi ya laki tano vikaondolewa kwenye kuazimwa. Vyako bila shaka vimo humo.

Maoni yangu, lile la korona lilikuwa la huruma lakini liliwapa wachapishaji fimbo. Wangebaki na mtu mmoja nakala moja pengine hadi leo mzee angekuwa anasoma.

Lakini usiifute akaunti. Vilivyobaki ni vingi, vingine kwa saa moja moja, ikiisha unaomba tena kama hakuna mwengine aliyekichukua, vingine kwa siku 14. Na kwa mpenzi wa historia kuna hazina ambayo haikuguswa kabisa: vitabu vilivyochapishwa zamani, vya karne ya 19 mpaka miaka ya 1920, haki zake Marekani zimeshakwisha, vinafunguka vyote na unavishusha viwe vyako. Wasafiri, mamisionari na mabalozi waliopita hapa enzi za masultani waliandika sana, wengine uongo mtupu, lakini wewe utajua kuchambua. Mjukuu atafute kwa "Zanzibar" halafu achuje kwa mwaka. Na kama miguu inakubali, Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, huko hakuna kuazima, karatasi haitoki mlangoni, unasomea palepale, nenda na penseli maana sehemu kama hizo peni huwa hazitakiwi.

Bando langu ni la buku, simu yenyewe ndogo. Kitabu kimoja tu kimenimalizia MB zote. Bodaboda, Mkoani

Ulishusha PDF ya kuskani, ile kila ukurasa ni picha, inafika MB 50 au mia. Tafuta EPUB, ni maandishi matupu, riwaya nzima haizidi MB moja au mbili na herufi unazikuza upendavyo. Ukipata waifai ya bure weka pia Kiwix, unashusha Wikipedia ya Kiswahili mara moja kisha unaisoma bila intaneti siku zote, hata katikati ya bahari.

Baba yangu alikuwa mwalimu, hakosi kitabu mkononi. Sasa macho yameingia ukungu, haoni herufi, anakaa tu barazani kanyamaza. Kuna namna maktaba inaweza kumsaidia? Binti yake, Mtambwe

Kwanza kabisa, dada, ashaangaliwa na daktari wa macho? Ikiwa ni mtoto wa jicho, unatolewa kwa upasuaji mdogo na watu wanarudi kusoma gazeti. Mpelekeni kabla ya vyote, wazee wetu wana tabia ya kusema "ni umri tu".

Wakati mnangoja, simu ya skrini kubwa au tableti na kitabu cha EPUB, herufi zikuzwe mpaka maneno matatu kwa mstari, nyeupe juu ya nyeusi, wengi huona hivyo wasichokiona kwenye karatasi. Ikiwa hata hivyo haoni, simu nyingi za Android zina sauti ya kusoma maandishi, Kiswahili chake kina lafudhi ya ajabu na kitamchekesha mwalimu, lakini kinasomeka. Na ikithibitika kuwa hataona tena, basi mjue kuna haki yake: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania imeshajiunga nao, unaziruhusu maktaba na jumuiya za wasioona kutengeneza nakala za sauti, za nukta nundu au za herufi kubwa bila kumuomba mwenye kitabu, na kubadilishana na nchi nyengine. Waulizeni mkutubi wa Chake na jumuiya ya wasioona juu ya hilo kwa jina lake. Msiposema jina la mkataba mtaambiwa "haipo".

Na bado kuna njia ya zamani. Azima kitabu, kaa naye barazani, msomee. Atakukosoa matamshi kila mstari, walimu hawaachi.

Niliazima kitabu cha upishi maktaba, jirani akakiona akaniomba mara moja tu. Siku ya kurudisha imeshapita. Nikimuuliza anasema "nakuletea". Nikatae kulipa faini? Mwenye soni, Mpendae

Faini ni yako. Kadi ina jina lako, maktaba haimjui jirani, na ndo maana kitabu cha kuazima hakiazimishwi. Leo pitia maktaba au wapigie, uombe kuongezewa siku kabla faini haijakua. Kisha saa kumi na moja jioni pika kitu, tia kwenye sahani yako nzuri, umpelekee, na usiondoke mlangoni. Akitoka kukurudishia sahani mwambie na kile kitabu kabisa, nakisubiri hapahapa.